Tanzania ya viwanda, bolti moja hatuna

Hivi jamani, mtu anazungukaje siku mbili kutafuta bolti moja? Mimi nimezunguka, na nimerudi na hasira.

Mjomba wangu ni fundi wa matrekta pale Sigino, Babati. Ana pula ya zamani, ile ya miguu mitatu ya kung'olea beringi na gia, iliyotoka Uingereza kabla sijazaliwa. Mguu mmoja umekatika, na bolti ndefu ya katikati imeisha thredi. Akanikabidhi: "Mjomba, wewe mtu wa mjini, nitafutie."

Babati mjini nikaambiwa ninunue mpya. Nikapanda basi hadi Arusha, kama kilomita 170. Huko bolti zilikuwepo tele, lakini za milimita. Ya mjomba ni Whitworth, kipimo cha inchi alichokianzisha Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Thredi zake zina pembe ya digrii 55, za milimita 60. Ukilazimisha, unaharibu zote mbili. Muuzaji akacheka: "Achana na hicho chuma chakavu, kaka."

Mpya yenyewe? Mjomba alishanunua ya bei poa, miguu ikapinda siku ya kwanza. Kuchomelea mguu wa zamani hataki, na ana haki. Chuma kile kilipikwa kiwandani kiwe kigumu bila kukatika ovyo. Moto wa kuchomelea unaharibu kazi hiyo. Kikikatika bolti ikiwa imekazwa, kipande kinamrukia fundi usoni. Basi anabaki na nyundo na patasi. Akipasua beringi au akiharibu ekseli, mkulima analipa mara mbili, na trekta limelala wakati mvua inanyesha.

Najua mtasema ni Wachina. Nakataa! Mchina anatuuzia tunachokubali kununua.

SIDO ipo tangu 1973. TEMDO ilianzishwa mwaka 1980 na CAMARTEC mwaka 1981, zote ziko Arusha, zote kwa ajili ya mashine na zana. Halafu kuanzia 2015 tukaimba "Tanzania ya viwanda" mpaka sauti zikakauka. Mimi mwenyewe nimeandika habari za mawe ya msingi na utepe kukatwa. Sijawahi kuandika hata aya moja ya kumwambia fundi wa Sigino apeleke wapi bolti yake ikakerezwe, alipe kiasi gani, asubiri siku ngapi. Tena nilipofika Arusha nilikimbilia madukani. Wazo la kugonga mlango wa wanaotengeneza halikunijia kabisa! Huo ndio usomi wetu: tumefundishwa kununua.

Jimbo la Colorado, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kazi Januari 2024: mtengenezaji wa mashine za kilimo lazima awape wakulima vipuri, vifaa na maelekezo ya kuzikarabati. Na sisi? Anayetuletea matrekta alazimishwe kuleta vipuri na michoro yake. Na kila wilaya iwe na mashine ya kukereza na mtu anayejua kupima thredi. Kabla ya hapo, tusijiite nchi ya viwanda.

Pula ya mjomba imefungwa kwenye gunia, hajaitupa. Wiki ijayo narudi Arusha na ile bolti mfukoni. Safari hii siendi dukani.