Jiwe Lililotukanwa: Vito vya Mitoni na Deni la Wanakiswahili

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeichangia elimu ya vito duniani, limo moja linalopaswa kututahayarisha. Neno lenyewe ni malaya. Mto Umba huanzia katika milima ya Usambara na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga. Katika changarawe za bonde lake, upande wa Tanzania, hupatikana yakuti za rangi nyingi pamoja na ganeti ya waridi-zambarau iitwayo rodolaiti. Katika miaka ya 1970 rodolaiti ndiyo iliyotafutwa na wanunuzi. Mawe yenye rangi ya waridi iliyochanganyika na chungwa yalitengwa kwa kuwa hayakufanana nayo, yakabandikwa jina hilo la matusi. Baadaye wataalamu waliyachunguza wakabaini kwamba ni ganeti ya aina ya pekee. Bei yake ikapanda ng'ambo, nalo tusi likabaki kuwa jina la biashara. Hata leo wapo wauzaji wanaoliandika Malaia ili kulipunguzia makali.

Wahenga walisema kuwa jina jema hung'aa gizani. Jiwe hili lilikosa jina jema kwa sababu waliolishika hawakuwa na njia ya kulitambua wala msamiati wa kulieleza. Maoni yangu ni kwamba pengo hilo lingalipo, na kwamba sehemu kubwa ya deni la kuliziba ni letu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

Wapo watakaopinga wakisema kuwa kutambua madini ni kazi ya wanajiolojia. Ni kweli kwamba maarifa ni yao. Hata hivyo, maarifa hayo yamehifadhiwa kwa Kiingereza, ilhali mchimbaji mdogo anayechekecha mchanga korongoni Taita-Taveta, Umba au Tunduru hufanya kazi, hubishana na huuza kwa Kiswahili. Anapokutana na dalali aliyesoma vitabu hivyo, bei huamuliwa na yule mwenye maneno. Asiyejua maana haambiwi maana.

Je, lugha yetu inaweza kuibeba elimu hii? Hebu tuijaribu. Vito vingi vya rangi ni vizito kuliko mchanga wa kawaida. Kwa hiyo, maji yapunguzapo kasi, vito hutulia nyuma ya miamba na katika kona za ndani za mto, chini ya changarawe. Jiwe lililosagwa na maji huwa na ngozi yenye ukungu. Likiloweshwa na kuinuliwa kwenye mwanga, rangi yake ya ndani hujitokeza. Lakini rangi ni shahidi mwongo, maana jiwe jekundu laweza kuwa yakuti, ganeti, spineli au hata kigae cha chupa.

Basi tulipime. Jiwe la gramu 8 likining'inizwa ndani ya maji na kubaki na gramu 6, limepungukiwa na gramu 2. Gawanya 8 kwa 2, utapata 4, ambao ndio uzito linganifu wa yakuti: ni nzito mara nne kuliko maji ya ujazo uo huo. Kwatsi, lile jiwe la mfano wa kioo lililojaa mitoni mwetu, lina uzito linganifu wa 2.65, kipande cha gramu 8 kitabaki na takriban gramu 5 tu. Ganeti nyekundu nayo hukaribia 4, kwa hiyo mizani pekee haitoshi. Hapo ugumu huamua. Katika kipimo alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, topazi ni 8, yakuti ni 9 na almasi ni 10, ilhali ganeti huwa kati ya 6.5 na 7.5. Yakuti hukwaruza kipande cha topazi, ganeti haiwezi. Isitoshe, yakuti ikizungushwa mbele ya mwanga aghalabu huonyesha vivuli viwili vya rangi, na ganeti huonyesha kimoja. Haya yote yamesemeka bila lugha kukwama.

Zaidi ya hayo, kuna mahali ambapo Kiswahili kimekitangulia Kiingereza. Kiingereza huyapa majina mawili tofauti mawe ambayo kiasili ni madini mamoja, kwa kigezo cha rangi tu. Sisi, kwa urithi wetu kutoka Kiarabu, tuna yakuti nyekundu na yakuti samawi. Sayansi inaafikiana na uainishaji huu. Inasikitisha basi kuona neno hili likiachwa katika mashairi ya mapenzi, huku sokoni kila jiwe jekundu likiitwa rubi na kila la kijani zumaridi. Tsavoraiti, iliyopewa jina la Tsavo mwaka 1974, ni ya kijani, lakini ni ganeti wala si zumaridi.

Mifano ya kazi kama hii tunayo. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Vito navyo vinastahili faharasa yao, hata ikiwa ndogo. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tusianze kwa kubuni maneno mezani. Twende kwa wachimbaji tukusanye waliyo nayo, kwani huenda wameshaunda mengi. Pili, kila kidahizo kieleze ugumu, uzito na umbo la jiwe, badala ya kutosheka na maelezo kwamba ni aina ya kito. Tatu, idara za Kiswahili na za jiolojia zishirikiane katika tasnifu za wanafunzi.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Madini ya 2016 nayo inamtambua mchimbaji mdogo na kumpa nafasi ya kupata kibali. Kibali hicho kitamfaa nini iwapo hawezi kulitaja alichokichimba? Tumpe maneno, ili jiwe lijalo litokalo mtoni lisiuzwe kwa tusi.