Usiache Mbachao: Funzo la Intavyu ya Dadangu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Ndugu msomaji, methali hii tumeiandikia insha tangu shule ya msingi, tukapata alama zetu na kufunga daftari. Mimi nimeielewa mwaka huu tu, na aliyenifunza si mwalimu bali ni dadangu mkubwa, jioni ile aliporudi kutoka Nairobi akiwa amebeba viatu vya kuazima mkononi na machozi yakimlengalenga.

Dadangu yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu, anasomea biashara. Alikuwa ameomba nafasi ya mafunzo ya kazini, ile ambayo wengi wetu huiita atachimenti, ya miezi mitatu katika mfuko mmoja wa uwekezaji jijini. Wakamwita intavyu. Nyumbani kwetu Thika tulifurahi kana kwamba ameshaajiriwa. Jirani akamwazima viatu, mama akatoa nauli, nami kila jioni nikajifanya bwana mkubwa wa ofisi na kumuuliza maswali huku nimekunja uso.

Kwa faida ya msomaji asiyejua, nieleze kidogo kazi ya mfuko wa namna hiyo. Huo si benki. Benki hukukopesha, ikataka dhamana na riba. Mfuko huu hukusanya fedha za matajiri, za mashirika na za hazina za pensheni, kisha huzitia katika kampuni changa ambazo pengine hazijapata faida hata ya senti moja. Haudai riba, bali huchukua hisa. Kampuni ikikua, hisa hupanda thamani na mfuko huziuza. Kampuni ikifa, fedha zimekwenda na maji. Kwa kawaida mfuko huishi miaka 10 hivi, na wanaousimamia hulipwa kama asilimia 2 ya fedha hizo kila mwaka, pamoja na kama asilimia 20 ya faida, ikiwa itapatikana. Mwanafunzi aliye pale kwa mafunzo husoma maombi ya kampuni, huulizia bei sokoni, huzungumza na wateja, kisha huwaandikia wakubwa kama jambo hilo lina maana au ni porojo tu.

Basi dada akaingia. Maswali ya kwanza aliyamudu. Halafu akaulizwa, "Ungepewa fedha zetu, ungeziweka katika kampuni gani, na kwa nini?" Dada akataja kampuni moja ya Marekani aliyoisoma usiku kucha. Akaeleza ilianza mwaka gani na mwenyewe ana utajiri kiasi gani. Wakamuuliza, "Haya, mteja wake ni nani? Analipa ngapi? Ukitoa gharama, kinabaki nini?" Kimya. Mmoja wao akamhurumia, akasema, "Basi tueleze biashara yoyote ile unayoijua wewe mwenyewe." Dada akajibu kwamba hakuna.

Hakuna! Mama alipoisikia habari hiyo usiku, alimtazama kwa muda, kisha akamuuliza, "Sasa wewe mwanangu, daftari la robota huandikwa na nani?"

Mama yetu huuza mitumba ya watoto sokoni. Dada ndiye amekuwa akimwandikia hesabu tangu akiwa darasa la sita. Wale mlio na wazazi katika biashara hiyo mnajua inavyokwenda. Mama hupanda matatu alfajiri kwenda Gikomba, akanunua robota lililofungwa. Huwezi kulifungua kabla ya kulipa. Unalipa, unabeba, unafungua, moyo ukidunda. Ndani mna nguo chache nzuri kabisa, zile ziitwazo kamera. Mna za wastani. Na mna zile za mwisho, fagia, za kutupwa chini na kuuzwa kwa bei ya chai.

Nimelichukua daftari lenyewe nikaangalia robota moja. Lilinunuliwa shilingi 15,000 likiwa na vipande 200. Kamera 20 ziliuzwa shilingi 400 kila moja, jumla 8,000. Vipande 100 vya wastani viliuzwa shilingi 100, jumla 10,000. Fagia 80 ziliuzwa shilingi 20, jumla 1,600. Zote pamoja ni shilingi 19,600. Faida ni 4,600 kabla ya nauli na ushuru wa soko. Sasa toa zile kamera 20. Zinabaki shilingi 11,600, na mama amekula hasara. Vipande 20 kati ya 200 ndivyo vilivyotulisha juma hilo.

Je, hii si ndiyo kazi ya mfuko ule? Nilimsaka mwanzilishi wa biashara hiyo katika maktaba na katika simu ya dada. Mmoja wa waanzilishi wake aliitwa Georges Doriot, Mfaransa aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Harvard huko Marekani. Mwaka wa 1946 yeye na wenzake walianzisha shirika liitwalo American Research and Development. Mwaka wa 1957 shirika hilo lilinunua hisa za dola 70,000 katika kampuni changa ya kutengeneza kompyuta, Digital Equipment. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 sehemu hiyo ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 350. Kampuni nyingine walizoziwekea fedha hazikufua dafu mbele ya hiyo moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa kamera yao! Tofauti ni kwamba fagia ya mfuko haiuziki hata kwa shilingi 20. Na kama vile mama anavyopiga nguo pasi na kushona vifungo kabla ya kuitundika, ndivyo wenye mfuko wanavyoisaidia kampuni changa kutafuta wateja na wafanyakazi. Dada alikuwa na haya yote kichwani. Aliyaficha.

Kwa nini aliyaficha? Hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu. Aliona haya. Katika fomu aliandika kuwa mama ni "mfanyabiashara", akaomba Mungu wasiulize zaidi. Sisi wanafunzi tumezoea kuamini kwamba elimu ni kitu kinachotoka mbali. Tunakariri majibu ya watu wengine, eti yetu ya nyumbani hayana hadhi ya kuingia ofisini. Ukimwuliza mwanafunzi wa darasa letu kuhusu matajiri wa California atakuhesabia kwa vidole. Mwulize mwenye kibanda cha chapati pale langoni huchoma unga kilo ngapi kwa siku, atakutolea macho, ilhali hula pale kila mchana.

Na gharama ya kutojua mambo hayo si ndogo. Mwaka wa 2021 kampuni changa moja ya Nairobi, Kune Food, ilipata dola milioni 1 kutoka kwa wawekezaji ili iwapikie watu chakula na kuwapelekea. Mwanzilishi wake, Mfaransa, aliposema kuwa alipofika Nairobi hakuona chakula cha bei nafuu kilicho tayari, Wakenya wengi walimshangaa. Kwani chapati na madondo ni nini? Na githeri? Juni 2022 kampuni ikafungwa, ikisema kuwa bei ya vyakula imepanda na fedha za awamu iliyofuata hazikupatikana. Simcheki mtu aliyejaribu, kwa maana kujaribu si dhambi. Lakini nauliza: je, katika ofisi zilizotoa fedha hizo hapakuwa na kijana hata mmoja anayekula kibandani ambaye angeulizwa maoni yake? Huyo ndiye mwanafunzi wanayemhitaji kwenye mafunzo.

Najua wapo watakaonipinga. Rafiki yangu mmoja aliposikia hadithi hii alisema, "Wewe acha kujisumbua. Nafasi hizo ni za watoto wa wenyewe." Sikatai kabisa. Dada aliambiwa kuwa nafasi ile haina malipo, nauli ni juu yake. Hebu tupige hesabu. Miezi mitatu ni kama siku 60 za kazi. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 200 kwa siku. Hizo ni shilingi 12,000 kabla hajanywa hata chai, nazo zinakaribia bei ya robota zima. Nani ataweza isipokuwa mtoto wa mwenye nacho? Ofisi inayosimamia mamilioni kisha ikashindwa kumlipia mwanafunzi nauli haitafuti kipaji, inatafuta mwenye mfuko mzito. Hilo nalisema bila kuuma maneno.

Aidha, mahojiano yote yalikuwa kwa Kiingereza. Siombi Kiingereza kifutwe, maana mikataba na hesabu zao zimeandikwa kwa lugha hiyo na ni lazima tuijue. Lakini mteja wa kampuni hizo changa ni nani? Ni mama muuza samaki, ni dereva wa bodaboda, ni mkulima. Hawa huzungumza Kiswahili. Anayetumwa kuwahoji lazima ajue kuwasalimu, kuwatania na kuwasikiliza. Basi iweje intavyu isiwe na hata swali moja la kupima jambo hilo?

Hata hivyo, kulaumu ofisi pekee ni kukwepa. Yule aliyemuuliza dada kuhusu biashara anayoijua alikuwa amemfungulia mlango, na aliyeufunga ni sisi wenyewe. Kwa hivyo nina pendekezo kwa Chama chetu cha Kiswahili. Kila muhula tuna midahalo mitatu, na mara nyingi tunarudia ileile ya mji na mashamba. Mmoja wapo tuufanye intavyu. Kila mwanachama aje na biashara moja ya mtaani kwao, aliyoihesabu mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Aeleze mteja ni nani, analipa ngapi, kinabaki nini, na ni kitu gani kinaweza kuiua. Wengine tumhoji bila huruma. Atakayeweza kueleza hayo kwa Kiswahili kilichonyooka hatashindwa kuyaeleza kwa Kiingereza baadaye, kwa sababu atakuwa na la kusema.

Dada naye hakukata tamaa. Majuzi aliitwa na ofisi nyingine, hii inalipa nauli. Walipomuuliza swali lilelile alitaja robota, kamera na fagia, na akawaonyesha daftari. Anasema walimuuliza maswali kwa karibu saa nzima. Mpaka ninapoandika haya hawajamjibu, nasi tunangoja. Lakini safari hii alirudi akiwa amevaa viatu vyake mwenyewe, na alipitia sokoni kwanza kumsaidia mama kufunga.

Kidato cha 3, Mwanachama wa Chama cha Kiswahili