Uchambuzi: Majibu ya damu na ulimi wa muuguzi West Nile

Tone la damu ya mtoto likitoka kituo cha afya cha Koboko au Arua kwenda maabara, majibu yakirudi anayeketi na wazazi kuyaeleza ni muuguzi, si mwanasayansi. Ndiyo maana elimu ya jeni, yaani chembe za urithi, si anasa ya vyuo vikuu.

Utafiti wa kitaifa wa ugonjwa wa selimundu, uliochapishwa mwaka 2016, ulipima sampuli 97,631 za damu ya watoto wadogo nchini Uganda. Asilimia 13.3 walibeba jeni moja ya ugonjwa huo bila kuugua, na asilimia 0.7 walikuwa wagonjwa. Mtoto wa selimundu huonekana mzima miezi ya mwanzo. Akitambuliwa mapema, hukingwa dhidi ya maambukizi na malaria, na hunufaika na haidroksiyurea, dawa iliyofanyiwa majaribio Kampala na Mbale. Muuguzi wa kliniki ya chanjo ndiye anayemwona mtoto huyo mara kwa mara.

Hesabu inayovunja nyumba

Wazazi wote wawili wakibeba jeni hiyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Si kwamba mmoja akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Wala mama hastahili lawama peke yake, kwani mtoto aliyerithi jeni mbili za selimundu alipata moja kwa baba na nyingine kwa mama. Tena, kupima familia nzima kunaweza kufichua kwamba mume si baba mzazi. Muuguzi asiyefunzwa kutunza siri hiyo anaweza kuvunja ndoa kwa neno moja.

Deni la utafiti

West Nile si ngeni kwa watafiti. Katika miaka ya 1970, watoto wapatao 42,000 wa eneo hili walitolewa damu ili kuchunguza uhusiano wa virusi vya Epstein-Barr na limfoma ya Burkitt, saratani inayovimbisha taya. Baada ya mwaka 2010, Hospitali ya Kuluva karibu na Arua ilikuwa tena miongoni mwa vituo vya utafiti wa saratani hiyo, uliohusisha pia Kenya na Tanzania.

Katika saratani hiyo, jeni hubadilika ndani ya seli za mgonjwa baada ya kuzaliwa. Hairithiwi kama selimundu. Mzazi akiambiwa tu kwamba “ni jambo la jeni”, ataona ukoo wake umelaaniwa. Na anayeombwa damu ya mwanawe kwa utafiti ana haki ya kujua itapimwa nini, itahifadhiwa wapi, na kwamba akikataa mtoto bado atatibiwa.

Haki hiyo hupita katika lugha. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini mafunzo ya uuguzi hutolewa kwa Kiingereza. Kati ya Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiswahili, muuguzi hujitafutia mwenyewe maneno ya “jeni” na “mbebaji”. Mafunzo yatakayomwachia mzigo huo yatakuwa yamemfundisha nusu ya kazi, na ridhaa ya mzazi asiyeelewa itabaki kuwa alama ya dole gumba kwenye karatasi.