Tazameni Nyayo za Kuku Wenu

Ndugu wafugaji wa kuku wa nyama, kila tukutanapo tunalalamikia bei ya chakula na ya vifaranga, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini ni nani kati yetu, kundi likiwa la wiki ya tatu, aliyemkamata kuku na kumgeuza amtazame unyayo? Wengi tungekuta gaga jeusi, na chini yake kidonda.

Kidonda hicho hutoka sakafuni. Kuku hunywa maji yenye uzito wa karibu mara mbili ya chakula anachokula, na mengi ya maji hayo huishia kwenye maranda. Juu ya hayo chombo cha maji kinavuja, turubai la ubavuni mwa banda limefungwa usiku na mchana kwa kuogopa baridi, na tumejaza kuku 15 mahali pa 10. Maranda yakilowa hutoa amonia, hewa ile inayotuchoma macho tufunguapo banda alfajiri. Ngozi ya unyayo hulainika, huungua, kisha vijidudu huingia.

Sasa fikirini hasara. Kuku huyu hufikisha kilo mbili kwa wiki tano au sita, na uzito wote huo hubebwa na nyayo mbili. Akiumia haendi kwenye chakula. Hulala, na kifua nacho kikaungulia palepale penye majimaji. Chakula tulichonunua kwa taabu hakigeuki nyama. Hata miguu, ambayo kwetu ni supu ya watu wengi, huharibika.

Mtasema maranda ni ghali. Ni kweli, ila kazi kubwa ni kuyaweka makavu. Kila asubuhi chota konzi moja karibu na chombo cha maji, ufinye, ufungue kiganja. Yakisambaa ni mema. Yakibaki donge, yamelowa mno. Yaliyoganda yaondoe, yaliyobaki yageuze kwa reki. Inua chombo kilingane na mgongo wa kuku. Acha uwazi juu ya turubai hewa nzito itoke. Nanyi mnaochanganya chakula wenyewe, chumvi ipimeni kwa mizani, maana ikizidi huongeza kiu na kinyesi cha majimaji.

Uswidi walianza kukagua nyayo machinjioni tangu miaka ya 1990, na mfugaji mwenye kuku wa vidonda vingi hupunguziwa idadi anayoruhusiwa kwa mita ya mraba. Sisi tusingoje mkaguzi. Kundi likitimiza siku 10, kamateni kuku wachache kila pembe ya banda mtazame nyayo. Mkiona wekundu, badilisheni maranda siku hiyohiyo.