Usiisingizie Projekta, Angalia Picha Yako

Muhula uliopita, kwenye mazoezi ya kufundisha mbele ya wenzangu, niliweka ramani ya kontua ikajaa ukuta mzima. Nikauliza, "Kilele hiki kina urefu gani?" Kimya. Mmoja wa nyuma akajibu, "Mwalimu, hizo ni namba au sisimizi?" Darasa zima likacheka. Nami, kama kawaida yetu, nikailaumu projekta.

Uongo mtupu. Projekta ilikuwa nzima. Ile ramani nilitumiwa WhatsApp, nikakata kona moja tu niliyoihitaji, ikabaki na upana wa pikseli 400 na kitu. Projekta nyingi za madarasani zina upana wa pikseli 1024 au 1280. Yaani kila nukta ya picha yangu ilivutwa ifunike nafasi ya nukta tatu, kwa upana na kwa urefu. Hapo hata ulete projekta ya bei gani, ukungu uko palepale.

Na wale wanaotuambia "weka dpi 300" wanatupotosha. Hiyo ni habari ya kuchapa kwenye karatasi. Ukutani kinachohesabika ni idadi ya pikseli: picha ya kujaza slaidi iwe na upana usiopungua wa projekta. 1920 inatosha karibu kila mahali. Ukipakia picha thelathini za simu zenye pikseli 4000 kila moja, laptopu ya kuazima itaganda umesimama mbele za watu, halafu utatafuta mchawi.

Mwenzako akutumie picha kama dokumenti, isibanwe njiani. Ukipiga skrinishoti ya PDF, kuza kwanza ule mchoro ndipo upige. PowerPoint nayo hubana picha wakati wa kusevu. Ingia kwenye mipangilio uizuie.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya watu wa IT. Sikubali. Mwandiko wa ubaoni usiposomeka tunakatwa alama, kwa nini slaidi isamehewe? Mwanafunzi asiyeona namba haandiki "sijaona". Anabahatisha, na akishakariri kosa kulitoa ni kazi. Kigezo hiki kiwekwe kwenye fomu za tathmini zetu.

Mimi siku hizi nafika dakika kumi kabla, nafungua slaidi yenye maandishi madogo kuliko zote, natembea hadi benchi la mwisho. Nikishindwa kuisoma, naitoa.