Tusimlaumu Mchapaji



Waliosema kuwa nyani haoni kundule hawakukosea. Tangu muhula uliopita, kila mwanachama wa chama chetu cha Kiswahili anayevaa ile fulana ya manjano humtupia lawama mchapaji wa mjini. "Alituibia!" asema huyu. "Alituharibia!" asema yule. Leo nimeshika kalamu kumtetea mtu huyo ambaye hata jina lake silijui. Sababu ninayo. Picha ya nembo aliyoletewa niliipiga mimi.

Hebu nikukumbushe. Tulichanga shilingi 600 kila mmoja, wanachama 38. Sisi ni wanafunzi wa kutwa na hali zetu tunazijua. Rafiki yangu ninayeketi naye alisimama na mamake soko la Kikima Jumamosi mbili mfululizo wakiuza maparachichi, ndipo akapata zake. Fulana zikaja siku moja kabla ya mashindano. Tulipofika Wote asubuhi yake, ngao yetu ilikuwa imefifia kama kitu kilichochorwa kwa mkaa kikanyeshewa, na yale maneno "Kiswahili Kitukuzwe" yamekuwa doa jeusi. Mwanafunzi wa shule nyingine akauliza, "Hicho ni chungu ama ni kobe?" Watu wakavunjika mbavu. Rafiki yangu alivaa sweta juu ya fulana yake mchana kutwa, na jua la Wote mnalijua.

Sasa sikilizeni kilichotendeka. Nilikipiga picha kibao kilicho mlangoni mwa chumba cha chama kwa simu ya dadangu, nikaituma kwa WhatsApp, ikapita mkono hadi mkono mpaka ikamfikia mchapaji. WhatsApp huikamua picha ili isafiri upesi. Iliyofika ilikuwa na upana wa nukta 480. Ili picha itoke safi, mchapaji huhitaji kama nukta 300 kwa kila inchi. Nembo yetu ya kifuani ilikuwa na upana wa inchi 10, yaani ilihitaji nukta 3,000. Sisi tulimpa 48 kwa kila inchi! Ni kama kumpa mpishi kibaba kimoja cha unga halafu umwambie apike ugali wa darasa zima.

Si hayo tu. Fulana nyingi huchapwa kwa wavu, na kila rangi huwa na wavu wake. Nembo yetu ina rangi tatu: nyeusi, nyekundu na kijani. Lakini picha yangu ilikuwa na kutu ya kibao, kivuli cha paa na mng'ao wa jua. Kwa jicho la tarakilishi hizo ni mamia ya rangi. Mchapaji angejuaje kijani kinaishia wapi na kivuli kinaanzia wapi? Alikisia. Nasi tukavaa makisio yake.

Wapo watakaosema, "Yeye ndiye fundi, angetuambia." Ni kweli, angalau angepiga simu. Lakini ukimpelekea fundi cherehani kitambaa kifupi, usishangae akikushonea kaptura badala ya suruali. Tena sisi ndio tuliomwambia afanye haraka. Hakuna aliyeomba kuona fulana moja ya kwanza.

Chukua leso ya mama yako uitazame. Maneno yake yanasomeka hata na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kule Mombasa, wafanyabiashara wa Kaderdina Hajee Essak walichapisha kwenye leso zao alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla," na wanunuzi wakazitambua leso hizo kwa alama hiyo. Je, chama cha Kiswahili kisichosomeka kifuani kinaitetea lugha gani?

Maoni yangu ni haya. Kwanza, nembo ichorwe upya na wanachama wenyewe, kwa programu kama Inkscape ambayo haina malipo. Mchoro wa namna hii huitwa vekta. Hauhifadhi nukta, bali huhifadhi mistari na mipindo, kwa hivyo waweza kuukuza uwe bango la ukutani au kuupunguza utoshe kwenye kalamu, nao usichakae. Herufi nazo zigeuzwe ziwe michoro, kwa maana tarakilishi ya mchapaji ikikosa mwandiko tuliotumia, itaweka mwingine.

Pili, tuwe na nembo mbili: moja ya rangi zote, na nyingine ya rangi moja isiyo na maneno madogo. Hii ya pili itafaa kalamu, na itafaa pia sweta, kwa sababu uzi wa kutarizi hauwezi kuandika herufi ndogo kama punje za mtama.

Tatu, nakala ziwekwe katika flashi mbili, moja kwa mwalimu mlezi na nyingine maktabani. Na isichapwe fulana ya pili kabla hatujaiona ya kwanza kwa macho yetu.

Najua kuna atakayesema kuwa haya ni mambo madogo. Kwa aliyeuza maparachichi Jumamosi mbili, si madogo.

Namalizia kwa kuomba radhi. Siku ile kule Wote sikuthubutu kusema picha ilikuwa yangu. Nilicheka pamoja na waliocheka, na rafiki yangu akaniona. Mwakani tukichangishwa tena, nitakuwa wa kwanza kutoa shilingi zangu 600. Lakini jamani, mnionyeshe nembo kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu