Sumbawanga Maji Hayachemki kwa Nyuzi 100

Wanachuo wenzangu, naanza na kosa langu mwenyewe. Kwenye BTP iliyopita nilifundisha Kemia sekondari moja ya Sumbawanga. Siku ya vitendo, kidato cha tatu walichemsha maji na kusoma kipimajoto. Makundi matatu yakaandika nyuzi 100. Kundi la nne likaandika 94, nikawapiga kosa. Binti mmoja akalalamika, "Mwalimu, tumerudia mara mbili, haipandi." Nikamjibu kwamba kipimajoto chao ni kibovu, tukaendelea na somo.

Kipimajoto kilikuwa kizima. Mbovu nilikuwa mimi.

Sumbawanga ipo juu ya uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa. Kwa kimo kile hewa ni nyepesi, hivyo maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana maharage pale yanakula kuni kuliko Dar. Kila mama anayepika anajua kwamba hayaivi haraka. Sasa fikiria: waliosoma kipimo kwa uaminifu nikawakosesha, na waliochukua 100 kutoka kwenye daftari nikawapa vema. Siku hiyo nilifundisha kudanganya, na nililipa kwa maksi.

Tatizo hili si langu peke yangu. Sisi tunaosomea ualimu tumelelewa kwa kumeza fomula. Mtu akiulizwa moli moja ya gesi ina ujazo gani, anajibu lita 22.4 kabla swali halijaisha. Lakini namba hiyo ina masharti: jotoridi la nyuzi 0 na mgandamizo wa milimita 760 za zebaki. Pale Sumbawanga mgandamizo ni kama milimita 615. Siku ya nyuzi 20, piga hesabu: 22.4 mara 760 gawa kwa 615, kisha mara 293 gawa kwa 273. Unapata karibu lita 30. Fomula haijakosea. Tumekosea sisi tunaomeza namba na kuacha masharti yake.

Na tusisingizie ukosefu wa maabara. Chukua chupa tupu ya maji ya dukani, ifunge vizuri ukiwa Sumbawanga, kisha panda nayo gari la Kasanga. Ziwa Tanganyika lipo chini ya mita 800. Ukifika kule utaikuta chupa imebonyea, ingawa hakuna aliyeikalia. Robert Boyle alieleza jambo hilo mwaka 1662: mgandamizo ukiongezeka, ujazo wa gesi unapungua. Watoto wa Rukwa wanasafiri njia ile kila siku, halafu darasani tunawaambia sheria ya Boyle ni herufi P na V ubaoni.

Mkolezo nao ni hivyo hivyo. Tunaandika moli gawa kwa ujazo, tunaingia kwenye titresheni, basi. Wakati huo huo baba wa mwanafunzi anapulizia mahindi. Tuseme kibandiko cha dawa kinataka mililita 40 kwa lita 20 za maji, na yeye ana bomba la lita 16. Anapima vifuniko vile vile alivyozoea. Badala ya mililita 2 kwa kila lita, anapata 2.5. Dawa imezidi kwa robo nzima. Pesa inapotea, na yeye anaivuta. Mtoto wake ana uwezo wa kumwambia, "Baba, weka 32 tu," ila hatujawahi kumwonyesha kwamba bomba la nyumbani na chupa ya maabara vinatumia hesabu moja.

Najua mtaniambia NECTA hawaulizi habari za Sumbawanga. Kweli, na 22.4 lazima mtoto aijue. Lakini mtihani wenyewe huwa unataja masharti. Aliyeelewa masharti hababaiki yakibadilishwa. Aliyemeza anabaki ameshika kalamu. Tena, mtoto huyu ametoka msingi akijifunza kwa Kiswahili, sekondari anakutana na Kiingereza. Tukimpa fomula bila maana, tumempa wimbo wa lugha asiyoijua.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaojiandaa kwenda BTP, pamoja na desa na kanzidata za maswali ya zamani, fahamuni kimo cha mahali mnapokwenda. Na mwanafunzi akikuletea kipimo tofauti na kitabu, mwambie apime tena mbele yako kabla hujashika kalamu nyekundu.

Mimi niligundua kosa langu nikiwa nimesharudi chuo. Lile daftari la kundi la nne bado lina alama yangu ya kosa, na nimemwandikia mwalimu wao wa Kemia anisaidie kuifuta.